Kiziwi Huitwaje

Tarehe 3 Februari

Chiriku mdogo wangu,

Bango lako limefika, limekunjwakunjwa kama shuka la hospitali. Nimelibandika kwenye chumba chetu cha kujalidi vitabu, karibu na birika la chai, pale ambapo kila mtu lazima apite. Maandishi mekundu yanaonekana mpaka kule kwenye mashine ya kukatia karatasi: SIFA USIYOIOMBA NI UCHOKOZI.

Saa ya chai wenzangu wakalizunguka. Mama Gundi, yule anayepaka gundi migongo ya vitabu, alicheka mpaka akashika meza. Akanigeukia nimwone midomo, akasema, "Mwambie mdogo wako mimi naomba. Naomba kila siku, hawanipi!"

Nami nilicheka. Lakini njiani kurudi nyumbani bango lako likawa linanikwaruza moyoni kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Nikwambie kitu. Tuna msimamizi mpya wa zamu. Mtu mzima, mke na watoto, shati limenyooshwa. Amejifunza herufi za mikono kwa ajili yangu. Hakuna aliyemwagiza. Juzi alisimama mbele ya meza yangu, akakunja vidole kimoja kimoja kwa shida, ulimi nje kama mwanafunzi wa chekechea, akaandika hewani: UMEPENDEZA. Alikosea herufi mbili. Nikamrekebisha, tukacheka wote.

Chiriku, tangu homa ilipoziba masikio yangu nikiwa darasa la tatu, watu huniambia pole. Huniambia najitahidi. Tukitembea pamoja, wanaume hukusifu wewe kisha hunitazama mimi kama wanaotazama mvua iliyoharibu sherehe. Anayeniambia nimependeza ni Mama peke yake, na Mama hata mbuzi humwambia kapendeza.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe umeshiba sifa hadi unazicheua. Mimi nimepata tonge moja, nawe unaniletea bango la kuniambia niliteme. Nieleze basi, wewe msomi wa semina. Kosa liko wapi?

Mama anakusalimu. Anauliza utaolewa lini, nami namwambia aanze na mkubwa.

Dada yako,
Macho

*

Tarehe 12 Februari

Dada Macho,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeandika upuuzi. Sasa nimekaa.

Umesema nimeshiba sifa. Njoo basi tubadilishane siku moja. Kutoka kituo cha basi hadi ofisini ni mwendo mfupi, lakini mimi huuzunguka kupitia nyuma ya soko ili nisipite mbele ya wale vijana wa duka la vipuri. Nikinyamaza naringa. Nikiitikia nimejirahisisha. Nikikasirika wananiambia, "Kwani wewe nani? Mbaya tu!" Yaani sekunde ile ile niliyokuwa malaika nageuka kinyago. Sifa gani hiyo inayokuwa na meno ndani?

Sisemi kila neno zuri ni sumu. Nasema sifa ni ya mpewa. Ikikufurahisha, chukua. Lakini jiulize: huyo msimamizi humwambia Mama Gundi kapendeza? Humwambia fundi wa mashine, "Kaka, shati limekutoa leo"? Kama sifa zake zinamwangukia mtu mmoja tu, naye ndiye anayepangiwa zamu na yeye, basi hiyo si mvua. Ni ndoo, na kuna mtu ameishika.

Mkufunzi wetu anasema mizigo hupandana. Kuna mzigo wa kuwa mwanamke, juu yake wa kuwa kibarua, juu yake wa kuwa kiziwi, na mtu akitaka kukuonea hatafuti mzigo mmoja, hukalia rundo zima. Ndiyo maana naogopa kwa ajili yako kuliko ninavyoogopa kwa ajili yangu. Mwekee mpaka mapema. Mwambie: maneno sawa, mikono hapana. Asikuguse hata bega. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza tunayofundisha.

Mkurugenzi wetu mwenyewe huniita "ua la ofisi" mbele ya wageni. Nacheka tu, mambo yaende. Lakini yule ni mzee, ana mdomo mwepesi, hana neno.

Mwambie Mama nitaolewa siku atakayoacha kuuliza.

Wako,
Chiriku

*

Tarehe 20 Februari

Chiriku,

Asiniguse hata bega! Sasa aniite kwa kutumia nini, tarumbeta?

Umekua nami chumba kimoja. Ulikuwa ukitaka nikutazame unanirushia ndala. Mama hunigonga begani, jirani hunivuta mkono, Mama Gundi hunifinya. Mimi mlango wangu ni bega, mdogo wangu. Ukiwakataza watu wasiguse mlango, umenifungia ndani. Hiyo kanuni yenu ya kwanza mlipoiandika, palikuwa na kiziwi mezani? Au mlikuwa wenye masikio watupu mkisikilizana?

Na hayo mambo ya mizigo kupandana, mimi si gunia. Wewe unaniona rundo. Yeye aliniona nimevaa gauni la bluu.

Tena nikuulize. Mimi nimwekee mpaka mtu anayeniandikia herufi hewani, nawe mkurugenzi wako akikuita ua, unacheka mambo yaende? Nyani haoni kundule. Mpelekee yeye hilo bango.

Usiniandikie tena habari za msimamizi. Andika mengine, au usiandike.

Macho

*

Tarehe 2 Machi

Dada,

Nimeumia, halafu nimecheka, halafu nimeumia tena. Hakukuwa na kiziwi mezani. Niliuliza ofisini. Mmoja akanijibu, "Tutawaweka kwenye toleo lijalo," kama vile nyinyi ni makosa ya chapa.

Basi, kuhusu bega umenishinda. Kuhusu huyo mtu sijashindwa, ila nimenyamaza kama ulivyotaka.

Hapa mvua. Nimenunua mwavuli, umeibwa siku hiyo hiyo. Tunazunguka mikoani na semina, leo hapa kesho kule, begi langu halijui kabati. Niandikie.

Chiriku

*

Tarehe 25 Machi

Dada Macho,

Sijapata hata mstari. Nilimpigia Mama. Anasema umehamishiwa meza nyingine, unarudi umechoka, unaoga muda mrefu mpaka anagonga mlango wakati anajua husikii. Nilipomuuliza kuna nini akasema, "Mambo ya watu wazima." Mimi nina miaka ishirini na tisa!

Ujumbe wa simu unanijibu "nzuri", "sawa", "baadaye". Hayo si maneno yako. Wewe hujawahi kumaliza salamu chini ya ukurasa mmoja. Kama bado umenikasirikia, nitukane, lakini nitukane kwa kirefu.

Ni mimi, naomba radhi hata kwa nisiyoyajua,
Chiriku

*

Tarehe 1 Aprili

Mdogo wangu,

Sina hasira. Kazi zimezidi, shule zinafunguliwa na vitabu vyote vinatakiwa kwa mpigo. Nimehamishiwa meza ya kushona, karibu na stoo ya karatasi. Mwanga hafifu, lakini nimezoea.

Bango lako nimelitoa ukutani. Lilikuwa limelowa mvuke wa birika.

Nina swali. Kuna binti hapa kazini, mgeni, humjui. Kuna mtu anamsumbua. Hajui aanzie wapi kulalamika. Amwandikie nani, aseme nini, na kama hakuna aliyeona je? Na kama mwanzoni alikuwa akicheka naye, akifurahia maneno yake, anaweza kweli kugeuka baadaye akasema hataki? Si watamwambia alijitakia?

Jibu upesi, binti huyo hana raha.

Macho

*

Tarehe 8 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Umenifurahisha mno kuniuliza! Nilidhani hutaki tena kusikia jambo lolote la kazi yangu.

Mwambie binti huyo hivi. Kucheka jana si hati ya leo. Mtu anaweza kukubali chai akakataa chakula, na akikubali chakula bado anaweza kukataa kulala kwako. Aandike malalamiko kwa meneja, si kwa mdomo tu. Aseme kilitokea nini, wapi, nani alikuwa karibu. Kama hakuna aliyeona, amtafute mtu aliyemwona yeye baada ya hapo, akiwa analia au anatetemeka. Na asikae naye peke yake, kabisa.

Sasa najua uliniambia nisimtaje msimamizi wako, lakini leo namtaja kwa wema. Nimefikiri sana. Mtu aliyejitolea kujifunza herufi za mikono bila kuagizwa huenda nilimhukumu kwa makosa ya wale vijana wa vipuri. Mpelekeni huyo binti kwake. Msimamizi mwenye moyo kama huo atamsikiliza, tena atakuwa na sauti kwa meneja. Wewe mwenyewe umpeleke, umshike mkono.

Unaona? Nami najifunza.

Chiriku wako

*

Tarehe 15 Aprili

Chiriku,

Hakuna binti.

Nilidhani utanisoma. Wewe uliyekuwa ukijua nimelia kwa kutazama jinsi nilivyofunga kitambaa. Lakini sikulaumu, barua haina uso.

Nitaandika mara moja, sitarudia kusoma.

Alianza begani, kama kila mtu. Kisha mkono ukawa unasahau kuondoka. Kisha ukashuka mgongoni. Kila mara nilipogeuka alikuwa na karatasi ya kunionyesha, hesabu ya vitabu, ukurasa uliopinda, jambo la kazi kabisa. Nikajiambia, Macho usiwe kama mabango ya mdogo wako, mtu anakuita tu. Nikaanza kukaa nimeegemea ukuta. Akanihamishia meza ya kushona, ambako viti vimeupa mlango mgongo.

Siku moja nilikuwa stoo nachukua jora la kitambaa cha majalada. Sikuona mtu akiingia. Nikashtukia mikono miwili kiunoni na kifua cha mtu mgongoni kwangu. Wewe ukisikia nyayo unapata nafasi ya kujiandaa, hata kidogo tu. Mimi ulimwengu hunifikia ukiwa tayari umenishika.

Nikajikwamua, nikageuka. Hakukimbia. Alisimama chini ya taa kusudi, akafungua midomo polepole ili nisikose hata silabi moja. Akasema, "Nani mwingine atakutaka?"

Zile herufi za mikono hakuzitumia.

Nilimwambia Mama. Akaniuliza, "Ulikuwa ukimchekea?" Nikasema ndiyo, mwanzoni. Akaendelea kukunja nguo. Nilimwambia Mama Gundi. Akaangalia huku na huku, akasema, "Shoga yangu, wewe si angalau umetazamwa? Mimi nilipokuwa kijana ningeyamaliza kwa kofi, lakini wewe... watakuamini?" Alikuwa na huruma kweli. Ndiyo iliyoniumiza, maana hakuona ubaya wa swali lake.

Nilimwandikia meneja, tena kwa maneno yako yale yale uliyompa "binti". Akaniita. Akasema, "Una uhakika alisema hivyo? Midomo husomeka vibaya." Chiriku, huyu ndiye meneja ambaye mashine zikiwaka hunivuta dirishani nimsomee mafundi wanasema nini ng'ambo ya ukumbi! Kwa kazi yake macho yangu ya kusomea midomo ni dhahabu. Kwa shida yangu yameingia kutu. Na msimamizi ameshajibu kwa maandishi: "Nilimgusa ili anitazame. Kiziwi huitwaje?"

Wamepanga kikao tarehe 29. Usije. Najua utataka kuja, na ndiyo maana naandika usije. Ukikaa kando yangu wataongea na wewe. Siku zote huongea na mwenye masikio. "Mwambie dada yako aketi. Muulize dada yako anataka nini." Nitakuwa mtoto uliyemleta hospitali. Hili nataka nilibebe kwa miguu yangu.

Macho

*

Tarehe 19 Aprili

Dada, dada yangu,

Nimeisoma ndani ya basi na abiria mwenzangu akaniuliza nani kafa.

Nilikwambia umpeleke kwake! Umshike mkono umpeleke! Sijui mkono wangu ulioandika vile nitaufanya nini.

Nakuja. Usinikataze. Nimeshaomba ruhusa. Mkurugenzi kasema haiwezekani, tarehe 29 ndiyo semina kubwa ya "Heshima Kazini", wageni wote wa juu watakuwepo, na "ua letu haliwezi kukosekana mezani". Nikamwambia ni dharura ya familia. Akasema, "Familia nayo si itakuwepo keshokutwa?" Basi mimi nifundishe ukumbi mzima namna ya kumsimamia mwanamke, na dada yangu asimame peke yake? Nitapanda basi la asubuhi, wapate kiti kitupu.

Nitakaa nyuma kabisa. Sitafungua mdomo.

Chiriku

*

Tarehe 23 Aprili

Chiriku hawezi kutofungua mdomo. Ndiyo maana tukakuita Chiriku.

Nakupenda. Usije. Kama una hasira na mtu, anza na huyo uliye naye karibu.

Macho

*

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Asante kwa kutokuja. Najua ilikugharimu kuliko kuja.

Umeniomba nikusimulie kila kitu, basi vuta kiti.

Walikuwa wanne: meneja, mhasibu yule mama mwenye miwani ya mnyororo, katibu wa wafanyakazi, na yeye. Shati limenyooshwa. Jambo la kwanza meneja aliuliza nani atanitafsiria. Hawakuwa wameleta mtu. Wakatazamana. Kisha meneja, tena kwa uso wa mtu aliyepata jibu zuri, akamwonyesha yeye kwa kidole: "Si yeye ndiye pekee anayejua lugha yako?"

Nilicheka. Sikupanga, kicheko kilinitoka tu. Mhasibu akaweka mkono mdomoni. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Hapana. Nitajisemea."

Unajua ninavyoichukia sauti yangu. Unajua watoto wa mtaani walivyokuwa wakiiiga. Niliiona ikiwafikia, nikaona nyuso zao zikijikunja kidogo kisha zikijinyoosha kwa adabu. Nikaendelea.

Nilieleza. Akaeleza naye. Meneja akanisomea swali lile la maandishi kana kwamba limemaliza kesi: "Anauliza, kiziwi huitwaje?" Nikaona katibu anatikisa kichwa, kwamba kweli, swali lina uzito. Niliona jinsi nitakavyoshindwa, kwa upole, kwa chai na biskuti.

Ndipo nikasimama, nikawaambia, "Nawapa mgongo. Niiteni."

Hawakuelewa. Nikasema tena, "Mnataka kujua kiziwi huitwaje. Niiteni, mmoja mmoja." Nikageukia dirisha.

Kwanza nikahisi kishindo nyayoni. Katibu alikuwa amegonga meza, mbao za sakafu zikanifikishia. Nikageuka, nikamshukuru, nikarudi dirishani. Akaja mhasibu, akazunguka mpaka mbele yangu, akapunga mkono kama anayeaga watu stesheni. Nikamshukuru. Meneja alisitasita sana, nikawaza huyu ataniangusha. Halafu nikahisi vidole viwili begani, vyepesi, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu asiowajua. Nikamshukuru naye.

Nikasema, "Sasa yeye. Aniite kama alivyoniita stoo."

Nikawapa mgongo nikangoja. Dirishani niliona ua wa kiwanda, mlinzi, benchi lake, na kwenye benchi, Chiriku, nilimwona Mama. Hakuniambia anakuja. Alikuwa amekaa na mkoba magotini, amevaa kitambaa chake cha kwendea mazishini. Nilimkazia macho yeye. Nikangoja. Hakuna kishindo kilichokuja, wala upepo wa mkono, wala kidole. Nilipogeuka alikuwa bado kakaa, anatazama meza. Mhasibu alikuwa amevua miwani.

Nikasema, "Basi. Hata yeye anajua hivyo sivyo anavyoitwa mtu."

Nilipotoka Mama hakuniuliza kitu. Alichukua mkoba wangu, akabeba yote miwili, ingawa wangu ulikuwa mtupu. Tulipofika njia panda akanigonga begani, akanitazama, akasema, "Nilikuuliza swali baya." Nikamwambia nimelisikia. Akacheka akilia.

Uamuzi bado. Nina wasiwasi usio na mahali pa kukaa. Nafanya kazi, nashona daftari upande usio wake, nafumua.

Na wewe? Ile semina yenu ya Heshima ilikwendaje? Umenyamaza sana juu yake kwa mtu mwenye jina lako.

Macho

*

Tarehe 13 Mei

Dada Macho,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, peke yangu, mlango nimefunga. Mara ya pili nilisimama dirishani nikaupa mlango mgongo, nione ilivyo. Sikuweza kukaa hivyo hata kidogo. Masikio yalikuwa yakinizunguka nyuma kama mbwa wa ulinzi. Wewe huna hao mbwa, ukasimama.

Uliniambia nianze na aliye karibu. Nilianza, ila sijui kama nimemaliza.

Siku ile mkurugenzi alinitambulisha kwa wageni: "Na huyu ndiye ua letu, bila yeye ukumbi hauna harufu nzuri." Watu wakacheka. Kipaza sauti kikaja kwangu. Nilikuwa na hotuba imeandikwa, dada, kuhusu mamlaka na mipaka, nzuri kabisa. Sikuisoma. Nikasema, "Mimi si ua. Mimi ndiye niliyeandika semina hii." Tu. Nikaanza mada.

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni mmoja alikohoa. Jioni mkurugenzi aliniambia kwamba nimekosa ucheshi, kwamba yeye ana binti wa rika langu, kwamba sifa siku hizi imekuwa jinai. Tangu hapo hunisalimia kwa kidevu. Mkataba wangu unaisha Julai na hakuna anayeutaja. Wenzangu wawili waliniandikia ujumbe wa pongezi kwa siri, mmoja wao akaniomba niufute.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Najisikia kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, basi limeondoka, na hakuna kibao. Ndiyo hivyo hujisikia? Uliza moyo wako unijibu.

Na lile bango tunaliandika upya. Nimesema sitalishika mpaka viziwi waitwe mezani. Wameniuliza, "Tuwaite vipi?" Nilicheka peke yangu.

Chiriku

*

Tarehe 2 Juni

Chiriku wangu,

Ndiyo, hujisikia hivyo hivyo. Kibao hakipo. Ila na mimi nimeshuka hapo hapo, basi angalau tuko wawili kituoni.

Uamuzi umetoka. Wamemhamishia karakana nyingine "kwa manufaa ya kazi". Hakuna radhi, hakuna neno kosa. Wamemfanyia hata chai ya kuagana. Baadhi ya wanawake walikwenda, wakarudi na biskuti kwenye leso. Mmoja wao hanisalimii. Anasema nimewakosesha msimamizi aliyekuwa akiwapa ruhusa bila maneno. Huko alikokwenda nimeuliza, kuna wanawake kwenye ufungaji wa vitabu. Nimemwandikia katibu. Nitaandika tena.

Na ukutani, palepale lilipokuwa bango lako, wameweka tangazo lao: NI MARUFUKU KUMGUSA MFANYAKAZI YEYOTE. Matokeo yake unayajua. Hakuna aliyenigusa wiki nzima. Chai inaisha sijaitwa. Mmoja alinirushia kikaratasi kichwani kama mwanafunzi mtundu, mwingine alisimama kando yangu akingoja nihisi joto lake. Nikapanda juu ya kreti, mbele ya watu wote, nikajigonga bega: "Hapa! Hapa ruhusa! Vidole viwili, mkiwa na shida nami!" Mama Gundi akawa wa kwanza kupanga foleni. Tangu siku hiyo ananigonga hata akiwa hana shida. Jana akaniambia nimsamehe lile swali lake. Nikamwambia bado kidogo, arudi Ijumaa.

Lakini kuna kitu nataka kukwambia, na nimezunguka kurasa hizi nikikitafutia pa kuingilia.

Msimamizi mpya ni mwanamke. Mfupi, mwendo wa haraka, anatembea na kikombe chake mwenyewe. Siku yake ya pili alipita mezani, akasimama mbele yangu, akasema, "Gauni zuri." Akasubiri.

Nami sikujua niufanye nini uso wangu. Nililigeuza lile neno kama mtu anayekagua samaki, natafuta mwiba. Nikatazama mikono yake iko wapi. Nikatazama mlango uko wapi. Neno dogo, Chiriku, neno ambalo mwezi wa pili lingenipeleka nyumbani nikiruka. Nikajua hapo ni nini hasa nilichoibiwa stoo, na nikajua meneja hana fomu ya kukirudisha. Ulikuwa sahihi kuhusu yule mtu. Nami nilikuwa sahihi kwamba nilikuwa na njaa. Yote mawili yalikuwa kweli siku moja, na hakuna kati yetu aliyeyasema pamoja.

Yule mama bado alikuwa amesimama. Kikombe kinatoa mvuke.

Nikasema, "Asante. Nimelishona mwenyewe."

Nilisema kwa sauti. Ilikuwa saa ya kubadilisha wino, mashine za kuchapa zimezimwa, niliona vichwa vikigeuka mpaka kule kwenye mashine ya kukatia karatasi. Sikuinamisha changu. Yeye akaangalia pindo, akaligeuza kwa macho tu, mikono imeshika kikombe, akauliza, "Na huu mshono wa ndani, uliufanyaje usionekane?"

Nikasogea kwenye benchi, nikampisha mahali pa kukaa, nikaanza kumweleza.

Dada yako,
Macho